Karanga za Mgeni

Vidole vyangu vilianza kugoma mwaka uleule niliobaki peke yangu ndani ya nyumba. Kikombe vinashika, khanga vinafunga, jembe vinajitahidi. Karanga kavu ndizo vilizozikataa. Ganda kavu linataka kidole gumba chenye nguvu, ulibonyeze kwenye ncha mpaka lipasuke, na mimi nikibonyeza kinachouma ni kidole.

Zamani kumenya karanga haikuwa kazi ya mtu mmoja. Mavuno yakishakauka tulikuwa tunazunguka, leo uani kwangu, kesho kwa wifi yangu, keshokutwa kwa mwingine, wanawake kumi, kumi na wawili, kila mmoja na ungo wake, na kazi yetu ya pili ilikuwa kumsema yule ambaye hakuja. Majina yao yote ninayo. Ninayo na ya watoto wao, na ya wanaume waliowaacha, na ya mbwa waliokuwa wakiwafuata. Kwenye daftari hili sitayaandika, kwa sababu walio hai sijawaomba ruhusa na waliokufa siwezi tena kuwaomba. Ila nikiwa namenya huwa nayataja kwa sauti ndogo, karanga moja jina moja, yakiisha naanza upya. Wengi wamezikwa. Wengine wamefuata watoto wao mjini. Aliyebaki ni wifi yangu, naye macho yake siku hizi yanaona mwanga tu.

Basi nikaanza kulowesha. Unachukua karanga na maganda yake, unazinyunyizia maji, unazifunika na gunia mpaka kesho yake, ukija kuzishika maganda yamelainika kama andazi la jana kwenye chai. Hapo hata kidole kibovu kinamenya. Sikufundishwa na mtu. Wanawake wengi wenye mikono kama yangu wanafanya hivyo, wala hatukuwahi kuona kama ni jambo la kusemwa.

Nyumbani kwangu karanga zina mafungu mawili. Nene, zile nilizochagua shambani kwa mkono, zinakaa na maganda yake kwenye gunia lililoning'inizwa juu ya mwamba wa nyumba, hazijui maji. Hizo ni za mbegu, na akija mgeni anakaangiwa hizo. Zilizosinyaa na zilizovunjika ndizo ninazolowesha, namenya, natia kwenye debe la bati lenye kifuniko, natwanga kidogo kidogo za kutia kwenye mlenda. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Mtu wa nyumbani anakula cha nyumbani, mgeni anakula kizuri. Na zikishatwangwa nani atajua ipi ilikuwa nene?

Kwenye debe hilo ndimo ulimotoka unga wa karanga wa mjukuu wangu.

Nieleze hapo, kwa sababu mengine yote yanatokana na unga huo. Binti yangu anafanya kazi ofisini mjini Dodoma. Kutoka kwetu huku upande wa Chamwino si mbali, ukipata gari asubuhi unakunywa chai mjini. Lakini mtu mwenye kazi, mume na mtoto mdogo hana nafasi ya kuja kumtazama mama yake hivi hivi. Nafasi aliipata alipomwachisha mtoto ziwa, nikamwambia uji wa mtoto mtie karanga, nitakutwangia mimi. Tangu hapo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikuwa anakuja kuchukua unga. Anakaa saa mbili, saa tatu. Mtoto anakimbiza kuku. Tunapika ugali wa uwele. Halafu wanaondoka na kopo lao, na mimi naanza kutwanga la mwezi unaofuata. Nilikuwa natwanga polepole ili kazi ifike mwisho wa mwezi.

Mwezi wa saba, upepo ukiwa umeshika, alikuja binti mmoja mtafiti. Alikuwa kijana, mrefu, wa kutoka mikoa ya mbali, ana koti jeupe kwenye mkoba na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ametutangazia kwamba watapita watu wa chuo kuchukua karanga na mahindi wakayapime. Alijaribu kunisalimia Kigogo, "Mbukwa," akasikia mwenyewe jinsi ilivyotoka, akakimbilia shikamoo.

"Marahaba mjukuu wangu. Kaa. Umekunywa maji?"

"Nimekunywa, bibi, asante. Tunatafuta sumukuvu. Ni sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka. Naomba karanga kidogo, zile mnazokula hapa nyumbani."

Nilimwelewa. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walinitetea kwamba bibi hakuelewa. Nilielewa. Lakini mtoto wa watu ametoka mbali, ana jua kichwani, anaomba karanga mlangoni kwangu, halafu nimfungulie lile debe la visinyavu? Nikapanda kwenye kigoda nikashusha gunia la mbegu.

Alifanya kazi yake vizuri. Hakuchota juu tu. Aliingiza mkono chini, katikati na pembeni, akaniambia kwamba sumu hiyo haikai sawasawa, karanga mia zinaweza kuwa safi na moja ikawa imebeba yote, ndiyo maana lazima achanganye. Akatia kwenye mfuko, akaandika.

"Umeandika jina langu?"

"Hatuandiki majina, bibi. Wewe ni kumi na saba."

"Mimi nina jina la bibi mzaa baba, wewe unaniita kumi na saba!"

Akacheka. Halafu akaniuliza swali la mwisho, kalamu ikiwa juu ya karatasi. "Hizi ndizo mnazokula?"

"Ndizo," nikasema.

Jioni ile wifi akapapasa ukuta mpaka kwangu, na fimbo yake.

"Wamefika kwako wale?"

"Wamefika."

"Umewapa zipi?"

"Za mbegu. Na wewe?"

"Mimi ni mwendawazimu niwape za kwangu? Nimewapa za mbegu. Nikamkaangia na zingine ale njiani."

Tulicheka, jamani, tulicheka mpaka akashika mbavu. Akanihesabia nyumba moja baada ya nyingine alizopita akisikiliza, na zote walishusha gunia la juu. Hata yule jirani mchoyo, ambaye harusini kwake tulikula wali bila kitoweo, siku hiyo alichambua. Wifi akasema, "Kijiji kizima leo tumekuwa matajiri."

Baada ya wiki kadhaa wakarudi, mkutano ukafanyika ofisi ya kijiji. Yule binti alisimama na karatasi akasema karanga zetu ni safi, karibu zote. Watu wakapiga makofi. Yeye hakufurahi kama tulivyofurahi. Alisema hata wao wamestaajabu kidogo, kwa sababu vijiji vingine havikuwa hivyo, akatuuliza tunazihifadhije. Wanawake tuliangalia miguu yetu. Mwenyekiti akasema hapa tuna utamaduni wa usafi, mkutano ukafungwa.

Pale ndipo nilipoanza kulifikiria debe langu. Maana alikuwa ametaja, kwa kupita tu, mambo yanayoleta ukungu. Akasema mvua wakati wa kuvuna, akasema kuanika chini kwenye udongo, akasema kulowesha maganda ili yamenyeke.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi binti yangu akaja. Nilikuwa nimemsimulia kwenye simu kwamba tumepimwa, akafika na furaha.

"Mama, umenitoa wasiwasi. Kliniki wananisumbua. Mtoto haongezeki, mstari umelala." Akanionyesha kadi. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, lakini mstari uliolala naujua. "Nesi kaniuliza anakula nini, nimemwambia uji wa karanga za mama, zimepimwa na chuo. Basi mwezi huu nifungie kopo mbili."

Mtoto alikuwa mlangoni anamsemesha kuku. Ana miaka miwili na mikono yake ilikuwa kama ya wa mwaka mmoja. Mimi nilikuwa nimeshika kopo. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilifungua kinywa, nikamwona amevua viatu, amenyoosha miguu kwenye mkeka, anasema leo hatuna haraka, tutaondoka na gari la jioni. Nikafunga kinywa. Nikampa kopo mbili, mkononi, nikaenda jikoni kusonga ugali.

Nimeandika hayo kama yalivyokuwa. Ningeweza kuyaruka.

Jumatatu nilichukua lile debe, nikalifunga kwenye khanga, nikaenda mjini. Chuo ni kikubwa, niliuliza mara nyingi, na kila kijana niliyemuuliza alinipa shikamoo kwanza na njia tofauti baadaye. Nilimkuta binti mtafiti amevaa lile koti jeupe.

"Bibi! Umekuja na nani?"

"Na debe."

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kuzunguka. Za mbegu. Debe. Kulowesha. Nikamwambia na nyumba nyingine zote zilifanya vile vile. Alivua miwani akakaa yeye. Nilifikiri atanifokea. Kazi yao ya miezi ilikuwa imeharibika, na mimi ndiye niliyekuwa nimekuja kumwambia. Akasema polepole, "Nilitakiwa kuomba kuona jiko. Niliona aibu kuingia jikoni kwa watu."

"Na mimi niliona aibu kukuingiza."

Akachota kwenye debe, juu, katikati, chini. Akasaga. Akatia kwenye chupa pamoja na kimiminika kikali kama spiriti, akakitikisa muda mrefu mpaka mkono ukachoka akabadilisha mkono. Akachuja kwa karatasi. Wakati tunasubiri akaniambia mambo ambayo nimeyakumbuka yote. Kwamba sumu hii imejengwa na vitu vilevile vinavyojenga sukari na mafuta: kaboni, hidrojeni, oksijeni. Tofauti ni namna vilivyoshikana.

"Kumbe ni ndugu yake sukari?"

"Ndugu, bibi, lakini wa ile aina ya kukimbiwa."

"Ina harufu gani?"

"Haina. Wala ladha."

Pua yangu kijijini inajulikana. Nanusa maziwa kabla hayajaharibika, nanusa mvua ikiwa bado iko kwa watu wengine. Debe lile nilikuwa nalinusa kila siku, na kila siku lilinukia karanga.

"Nikikaanga? Nikichemsha uji sana?"

"Moto wa jikoni hauivunji. Inakaa hivyohivyo."

Akadondosha matone matatu kwenye kibao cheupe, akakisimamisha kwenye maji ya dawa yakapanda taratibu kama mafuta ya taa kwenye utambi. Kilipokauka akakitia kwenye sanduku jeusi lenye taa ya zambarau, akaniambia niweke macho kwenye tundu.

"Hii ya kushoto ni sumu tunayoijua, tumeiweka ili tulinganishe. Hii ya katikati ni ya gunia lako la mbegu, nilikuwa nimebakiza."

Ya kushoto ilikuwa inawaka, bluu, kama moto wa jiko la gesi. Ya katikati palikuwa na giza. Ya kulia sikuhitaji kuambiwa. Ilikuwa inawaka bluu, imepanda urefu uleule na ya kushoto, na kwa uzuri wake ungeweza kuitazama kutwa.

"Ina jina?" nikauliza.

"Wako kadhaa, kama familia. Huyu tunamwita B, kwa sababu ya hiyo bluu."

Mume wangu alikula mlenda wa debe hilo mpaka mwisho wake, na mwisho wake tumbo lilimvimba. Nilitaka kuuliza. Binti mtafiti aliniona nataka kuuliza, akasema, "Bibi, kibao hiki kinaniambia kilichomo kwenye karanga. Kilichomo kwa watu hakiniambii." Nikamshukuru. Hata la mtoto alisema vivyo hivyo, kwamba mtoto anaweza kudumaa kwa sababu nyingi, lakini unga huo asile tena hata kijiko.

Nje ya jengo kulikuwa na benchi. Nikampigia binti yangu.

"Mama? Mbona kelele, uko wapi?"

"Mjini. Chuoni."

"Mjini! Hukusema! Nakuja saa ya chakula, usitoke hapo."

"Usije kwanza, mama. Sikiliza. Unga niliokupa umwage. Una sumu. Nimeiona kwa macho."

Nikasikia mtu wa ofisini kwake anacheka nyuma.

"Si ulisema mmepimwa?"

"Niliwapa za mbegu."

"Na mwanangu ulikuwa unampa zipi?"

"Za debe."

"Umejua lini?"

Ningesema leo, na ingekuwa kweli nusu. "Leo nimejua. Nilishuku tangu mkutano."

Akahesabu. Nilimsikia anahesabu. "Mama, Jumamosi nilikuwa hapo. Ulinipa mkononi."

"Nilikupa."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Nilisema nilitaka uje tena. Ni maneno madogo, lakini yalinichukua muda mrefu kuyatoa pale kwenye benchi, watu wanapita na mikoba yao. Hakunifokea. Alisema, "Sawa mama. Nenda nyumbani salama." Saa ya chakula nilikuwa bado nimekaa pale, huenda angebadili mawazo. Halafu nikaenda kutafuta gari.

Binti mtafiti alirudi kijijini na mifuko mipya, na safari hii aliingia majikoni. Wifi alimwambia, "Ingia mwanangu, ukicheka nakuchapa." Alituchukulia karanga za kwenye mikebe na vibuyu. Matokeo hayakupigiwa makofi. Nilichimba shimo nyuma ya nyumba nikazika debe zima, maana hata kuku alikataza wasipewe. Kuku walisimama wakanitazama.

Binti yangu alikuwa anapiga simu Jumapili. Mzima, mama? Mzima. Mtoto? Mzima. Jumamosi za mwisho wa mwezi zilikuja na kuondoka. Ya kwanza nilichinja jogoo. Ya pili sikuchinja.

Mavuno yaliyofuata nilifanya kama nilivyoelekezwa. Nilianika juu ya turubai, nikachambua visinyavu nikavitupa, nikamenya kavu. Vidole viliuma vibaya. Nilijiwekea ungo mmoja kwa siku, siku nyingine nusu ungo, na majina yangu yaleyale, nikiyazungusha mpaka wengine nikawa nawataja mara nne. Wifi alikuja akasaidia kwa kupapasa, na kwa kunitukana. "Unamenya kama unamvua bibi harusi gauni!" Tukajaza ndoo moja ya plastiki. Nikampelekea mtafiti sampuli, halisi, kutoka ndani ya ndoo. Akanipigia simu: "Bibi kumi na saba, kibao ni giza tupu." Akanitumia karatasi yenye mhuri, nikaibandika kwenye kifuniko.

Nikampigia binti yangu. Nikamwambia, karanga ziko tayari, zimepimwa, na safari hii ni zile zenyewe, cheti kipo.

"Asante mama," akasema. "Lakini tumeshazoea za dukani, zile za kwenye kopo. Mtoto anazipenda. Anaongezeka, mstari umepanda."

"Umepanda?"

"Umepanda, mama."

Nilifurahi. Naandika nilifurahi kwa sababu ni kweli. Nikakaa na furaha hiyo na ndoo.

Ndoo ilikaa mwezi mzima kwenye kona, na karatasi yake. Siku moja mchana nikaifungua, nikakaanga kiganja kimoja na chumvi. Nikakaa mlangoni nikala. Nimelima karanga tangu niliposhika jembe, na sikumbuki lini nilikaa chini nikajilia nene, nzima nzima, bila mgeni ndani ya nyumba. Zina mafuta. Ukiuma zinavunjika mara mbili. Sikuwa nalijua hilo.

Simu ikaita, ni Jumapili.

"Mzima, mama? Mbona unatafuna?"

"Nala karanga."

Sauti yake ikabadilika. "Zile?"

"Hapana. Zako."

Mtoto alikuwa karibu yake anaimba kitu.

"Ni tamu?" akauliza.

"Uje uonje."

"Tutaona likizo, mama."

"Haya," nikasema.

Tulipomaliza nikatazama ndani ya ndoo. Nilikuwa sijapunguza sana. Nikarudisha kifuniko, nikakibana kila upande kwa kiganja kama alivyonielekeza yule binti mtafiti, unyevu usiingie mpaka likizo.